Jumapili ya Kilomita Thelathini na Tano

Mwenyekiti wa jumuiya yetu alikuja kunikataza kukimbia akiwa amevaa suti ya ibadani. Ilikuwa Jumapili alasiri, nami nilikuwa nimekaa sakafuni, miguu nimeitumbukiza kwenye beseni la maji baridi. Chumba changu kina kiti kimoja, na siku hiyo kilikuwa kimebeba majora mawili ya kitambaa cha sampuli, kwa hiyo akakaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono magotini, kama watu wakaavyo kwenye nyumba yenye msiba.

"Dada yangu," alisema, "watu wana wasiwasi."

"Watu gani?"

"Watu."

Kwa sisi Watanzania tunaonunua bidhaa hapa Guangzhou, neno hilo likitoka kinywani mwa mwenyekiti maana yake ni yeye mwenyewe. Nilimwambia aendelee. Akasema amesikia kwamba asubuhi ile nilianguka mbioni kule Pazhou, nikabebwa. Nikamjibu kwamba sikuanguka, nilikaa, na sikubebwa, nilipanda metro kwa miguu yangu na kwa kadi yangu. Akatikisa kichwa. Sikio la kufa, akasema, halisikii dawa.

Hapo ndipo hasira iliponipanda, kwa sababu nilijua anazungumzia kufa gani.

Mwaka uliotangulia tulimsafirisha mwenzangu. Tulipanga chumba hiki pamoja, ghorofa ya saba isiyo na lifti, nyuma ya soko la vitambaa la Zhongda, na niliishi naye miaka mingi kuliko niliyoishi na mume wangu. Yeye alikuwa mtu wa Tabora, mimi wa Dodoma. Yeye alinunua mashuka na mapazia, mimi vitambaa vya sare za shule. Alikuwa na presha, na mimi nina presha, na vidonge vyetu tuliviweka kwenye kikombe kimoja dirishani, tukavisahau pamoja. Asubuhi ya siku ya kupakia kontena alishuka ngazi kwenda ghalani, akafika chini, akakaa kwenye ngazi ya mwisho. Mchina wa duka la tambi alidhani amepumzika kidogo, akamwekea glasi ya maji ya moto pembeni yake. Mimi nilikuwa bado juu natafuta viatu. Niliposhuka, maji yalikuwa yameshapoa.

Mtu akifa huku, jumuiya ndiyo humrudisha nyumbani. Watu huchangishana, huhangaikia vibali, kisha humtafuta mtu wa kuongozana na jeneza. Safari ile mtu huyo alikuwa mimi. Nilikaa kwenye ndege nikila wali wa kwenye sinia, naye yuko chini ya miguu yangu pamoja na masanduku ya watu, na sitaki kusimulia zaidi ya hapo. Lakini kilichonikaa rohoni ni maneno ya makaburini. Kila aliyesimama alimsifu kwa jambo lile lile: alikuwa mchapakazi, hakujua kulala, hakupumzika hata siku moja. Rambirambi za mwenyekiti zilisomwa kutoka kwenye simu, nazo zilisema hivyo hivyo, na waombolezaji wakaitikia kwa vichwa. Nilitaka kusimama niwaulize kama wanasikia wanachokisema. Sikusimama, maana kaburini si mahali pa kugombana, lakini niliondoka pale nina ugomvi.

Niliporudi Guangzhou nilipanda ngazi zetu na begi moja tu, na bado ilinibidi nitulie kila ghorofa. Ghorofa ya tano nilishika ukuta. Nikaona waziwazi itakavyokuwa: mtu fulani atatafutwa aongozane nami, suti zitapigwa pasi, na mimi nitasifiwa vilevile. Nikasema kwa sauti, peke yangu, nikiwa nimekumbatia ukuta wa watu, kwamba mimi hawanipati.

Daktari wa hapa alinipa vidonge vipya na kuniambia nitembee. Nikawa natembea asubuhi kando ya mto, upande wetu wa Haizhu, katikati ya wazee wanaojipiga mikono ili damu itembee na kina mama wanaocheza muziki wa spika. Kutembea kukageuka kukimbia kwa sababu ya mwanamke mmoja, mwalimu wa michezo mstaafu, anayefundisha kikundi cha wakimbiaji wa umri wetu. Alinisimamisha akaniuliza natoka wapi. Tunaelewana kwa Kichina changu cha sokoni. Nilipomtajia nchi yangu akasema hiyo si ile iliyo karibu na Kenya? Nikamwambia ndiyo, ila mbio zangu zilibaki upande wa pili wa mpaka. Alicheka mpaka akashika magoti, akanichukua.

Siku ya kwanza kikundi kizima kilinipisha nikae mbele. Walikuwa wameona rangi yangu wakajua wamepata bingwa. Kufikia kona ya kwanza nilikuwa wa mwisho, na wa mwisho nimebaki hadi leo, bila aibu yoyote. Mwenda pole hajikwai. Sisi sote humwita mwalimu yule laoshi, yaani mwalimu kwa Kichina, na yeye huniita dada mkubwa ingawa kanizidi umri, kwa sababu anasema natembea kama mtu mwenye deni la kudai. Nilipopima tena presha daktari alitazama mashine, akanitazama mimi, akapima upya. Akaniruhusu niendelee. Ndipo mwalimu akaniambia kuna marathoni ya jiji mwisho wa mwaka na kikundi kina nafasi zake. Nikasema niandike.

Shida ilikuwa moja: mimi ni mtu wa Zhongda. Pale sokoni bei ya kwanza ni matusi. Bosi wa duka, laoban, akikutajia bei, unacheka, unaikata katikati, unageuka kuondoka, anakuita, mnakutana njiani. Ukilipa alichotaja mwanzo, hata yeye anakudharau. Nimeishi hivyo miaka mingi kiasi kwamba mwalimu aliposoma ratiba ya mazoezi, niliisikia kama bei. Akisema kilomita ishirini na nane, nilikimbia ishirini na mbili, nikarudi chumbani na furaha ya mtu aliyepata kwa bei nzuri. Akisema thelathini, nikamwambia, laoshi, nipunguzie, mimi ni mteja wako wa siku nyingi. Alinijibu kwa neno ambalo wenye maduka hunijibu nikizidisha: bu xing, haiwezekani. Kisha akaniuliza, "Unampunguzia nani?"

Sikumwelewa. Nilidhani anakaza bei.

Zile wiki za kilele ndizo zilizonionyesha. Kuelekea marathoni zipo Jumapili chache ndefu kuliko zote, na baada ya ile ya mwisho unaanza kupunguza mpaka siku ya mashindano. Mwalimu alikuwa na sharti lake na hakulibadilisha kwa mtu yeyote: asiyemaliza kilomita thelathini na tano Jumapili ya mwisho hapewi namba ya kifuani. Alisema hayuko tayari kumwona mtu wake akichukuliwa na gari la wagonjwa mbele ya jiji zima.

Jumapili niliyokaa chini Pazhou ilitakiwa iwe thelathini na mbili. Siku iliyotangulia nilishinda Zhongda nikitafuta bluu moja ya sketi za shule ambayo mteja wangu wa nyumbani alikuwa amenitumia kipande chake. Nilitoka jengo hadi jengo, ghorofa hadi ghorofa, nikikwepa pikipiki za umeme zilizobeba majora, kutoka maduka yalipofunguliwa hadi yalipofungwa. Katika biashara yetu huko si kuchoka. Kunaitwa kuzunguka, na hakuna anayekuhesabia. Kwa hiyo nilikwenda kwenye mbio ndefu nikiamini nimepumzika, kwa sababu Jumamosi nzima sikukimbia hata kidogo. Tulipokuwa tunarudi, mbele ya kumbi za maonyesho, miguu ilikataa, nikakaa kwenye ngazi. Maonyesho ya biashara yalikuwa yamepamba moto, wanunuzi wa dunia nzima wanapita na vitambulisho shingoni na mabegi ya magurudumu, na mmoja wao alikuwa mtu wa nyumbani anayenijua. Kabla sijasimama, habari zilikuwa zimefika kwa mwenyekiti. Ndiyo maana alikuwa kitandani kwangu na suti yake.

"Nikwambie ukweli," alisema. "Kumsafirisha yule, watu mpaka leo wanahema. Jumuiya haiwezi mara mbili."

"Kwa hiyo mnauogopa mzigo, hamniogopei mimi."

"Vyote viwili," alisema.

Kwa jibu hilo nilimheshimu kidogo, ila kidogo tu, kwa sababu aliendelea. Alisema kama nataka mazoezi, marobota yapo ghalani, niyabebe nikate kiu. Alisema mwanamke wa umri wangu akitaka afya anywe maji ya vuguvugu. Alisema pia siku hizi sionekani ibadani, na hapo alikuwa sahihi, lakini sikuwa na nia ya kumpa ushindi wowote. Nikamweleza kuhusu Jumapili ya mwisho na zile kilomita thelathini na tano. Nikamwambia asipoteze nguvu kunikataza, aje.

"Nije kufanya nini?"

"Uwe tayari kunibeba."

Nilisema kwa kumkejeli. Yeye aliitikia kwa uzito wote wa cheo chake, akasimama, akaliweka sawa koti, akashuka ngazi.

Safari hii sikupatana bei na mtu. Juma lile nilikimbia kila nilichoambiwa, kwa urefu wake wote, na nililala mapema huku majirani wakipika na kupiga simu nyumbani. Jumamosi ilipofika nilikuta mtihani mwingine: kontena letu lilikuwa linapakiwa siku hiyo hiyo. Sasa kwetu asiyekuwepo na lake halipo. Mwenye mzigo lazima asimame mlangoni mwa ghala tangu robota la kwanza hadi la mwisho, vinginevyo mizigo yake inawekwa mlangoni mwa kontena panapoingia maji, au inaachwa kabisa ingoje lijalo. Sijawahi kumwona mtu akikaa siku ya kupakia. Hata wenye mimba husimama.

Nilikwenda na kigoda. Nikakiweka katikati ya mlango, nikakaa, nikaegemeza mgongo ukutani, nikanyoosha miguu. Vijana wa kupakia walinizunguka na toroli zao. Wanawake wenzangu walitazama kile kigoda kuliko walivyotazama mizigo yao. Jirani yangu, Mkenya wa Nairobi anayenunua viatu kule Liuhua, ndiye pekee aliyesema kitu.

"Mathe, leo umekuja kama inspekta," alisema. "Wewe kaa tu. Mzigo yako nitaicheki mimi."

Mwenyekiti alikuwa amesimama na simu yake sikioni kama kawaida, akiwaita waliochelewa. Alikiona kigoda. Akakizunguka, akaendelea kuita watu.

Kesho yake alifika kando ya mto kabla yangu. Alikuwa na baiskeli ya kukodi, zile za buluu za barabarani, na mwili wake ulikuwa mkubwa kwa baiskeli ile kwa namna ya kuhurumiwa. Juu alivaa jaketi la mvua ingawa mbingu zilikuwa safi, chini suruali ya kitambaa. Kwenye kikapu cha mbele alikuwa na chupa za maji, ndizi, dawa ya kuchua na taulo. Nilimuuliza taulo la nini. Alisema la kunifunika. Nilimtazama vizuri nione kama anatania, na hakuwa anatania.

Mwalimu alimkagua, akapiga filimbi, tukaondoka. Wenzangu walitoweka mbele mapema, kama ada. Tulibaki mimi na mwenyekiti nyuma yangu, akiyumba huku na huko, kwa sababu baiskeli haitaki kwenda kwa mwendo wangu. Mwezi huo Guangzhou huwa bado na joto lake, lakini asubuhi mto hutoa upepo. Watu kando ya njia walituona, mwanamke mweusi anayekimbia na mwanamume mnene nyuma yake kwenye baiskeli, wakafikia uamuzi wao bila kuuliza. Wazee waliokuwa wanatembea kinyumenyume walitupisha. Mama mmoja aliacha kucheza akapiga kelele za jiayou, kaza mwendo, kisha akamnyooshea mwenyekiti dole gumba, akamwita kocha.

"Mimi si kocha," mwenyekiti alisema kwa Kiswahili.

Wa pili alipomwita kocha, alinyamaza. Wa tatu alimpungia mkono. Tulipofika chini ya ule mnara mrefu wa jiji alikuwa ameshaanza kunielekeza nikunje viwiko, na mimi nilikuwa bado na nguvu za kucheka.

Kwenda kulikuwa rahisi. Nitasema hivyo, ingawa hakuna mtu anayenijua kwa kusema jambo ni rahisi. Tulipita Pazhou, tukaenda mpaka pale mwalimu alipokuwa ametundika utepe mwekundu kwenye mti, nikaugusa, nikageuka. Jua lilikuwa limeshapanda na sasa tulilikimbia likiwa mgongoni. Nilikula ndizi moja. Ya pili ilikataa kushuka.

Kumbi za maonyesho zilipoonekana tena, mwili wangu ulizikumbuka kabla yangu. Msimu ulikuwa umekwisha, hapakuwa na mnunuzi hata mmoja, wafagiaji tu na uwanja mtupu. Magoti yakaanza kuelekea zile ngazi kwa hiari yao. Mapaja yalikuwa yamekaza, na nyayo zilikuwa zinawaka. Mwenyekiti alisogeza baiskeli hadi ubavuni mwangu.

"Si hapa ndipo ulipokaa?"

"Ndiyo."

"Ukikaa tena, hakuna atakayekulaumu. Mimi mwenyewe nitawaambia kwamba ulijitahidi."

Alisema kwa upole, na upole ule ulinikera kuliko kejeli yoyote. Niliona jinsi atakavyolisema. Ulijitahidi. Nilikuwa nimesikia sifa za kutosha za watu waliojitahidi. Nikamwambia arudi nyuma yangu, nikazipita zile ngazi nikizitazama, na nilipozipita nilikuwa natukana, kwa Kigogo, maneno ambayo bibi yangu angenichapa kwa kuyatamka.

Hasira ni chakula kizuri lakini haikai tumboni. Ilinifikisha kwenye daraja lililofuata, ikaisha. Zilikuwa zimebaki kilomita kama nane, na nane ni chache mno ukiwa chumbani. Kuanzia hapo sikukimbia kwa namna ambayo mtu angeita kukimbia. Niliinua mguu mmoja, nikaushusha, nikatafuta mwingine. Sehemu ya nyuma ya mguu wa kushoto ilikaza ikawa ngumu kama jora, nikasimama nikaikandamiza kwa vidole, nikaendelea. Mwenyekiti aliacha kutoa maelekezo. Nyuma yangu nilisikia mnyororo wa baiskeli na pumzi zake.

Kisha nikaanza kuzungumza na mwenzangu. Sikupanga. Nilimwambia kwa sauti kwamba nimemkasirikia. Nilimwambia angeweza kukaa chini siku nyingine yoyote. Angekaa Jumatatu, angekaa siku za sikukuu ya Wachina ya mwaka mpya ambapo maduka yote yamefungwa na hata hivyo alitoka kwenda kutazama vioo vya madukani, angekaa ile siku nilipompikia uji akasema hana muda wa uji. Alikuwa na siku zote hizo, akangoja moja tu. Nilikuwa nalia, na kulia ukiwa unakimbia ni kazi ya kipumbavu, pumzi hazitoshi kwa vyote viwili. Mzee aliyekuwa anavua samaki aligeuka kutuangalia.

Mnyororo wa baiskeli ukanyamaza. Nilidhani mwenyekiti amebaki nyuma. Lakini alikuwa ameshuka, anaisukuma, anakaribia kukimbia ili anifikie.

"Mimi ndiye niliyempigia asubuhi ile," alisema.

Niliinua mguu, nikaushusha.

"Aliniambia anajisikia vibaya. Nikamwambia kontena halimngoji mtu." Alihema. "Ndivyo nilivyomwambia."

Najua alitaka niseme kitu. Anayesema jambo kama hilo anataka aambiwe haikuwa kosa lake, au aambiwe ni kosa lake, chochote kimpokee mzigo. Nilikuwa na kilomita tatu na pumzi zisizotosha hata moja. Na zaidi ya hapo, sikutaka. Nilikuwa nimeongozana na lile jeneza, nikasikiliza rambirambi zake zikisomwa, naye alikuwa anajua siku zote hizo.

"Utaniambia baadaye," nilisema. "Sasa hivi nakimbia."

Nikaenda. Sijui nguvu zilitoka wapi na sina hamu ya kujua. Sikuongeza mwendo, asije mtu akanipamba kwa uongo, lakini sikusimama tena. Nilisikia sauti yake ikisema nenda, nenda dada, kisha sikuisikia tena. Pale mwisho wenzangu walikuwa wameshakwenda kunywa chai na kula maandazi yao ya mvuke. Alibaki mwalimu, amekaa kwenye benchi na kofia yake, karibu yake mfuko wa vikombe vilivyotumika. Alisimama aliponiona. Niliipita benchi, kwa sababu saa yangu ilidai mita chache zaidi, nikauzunguka mti mara mbili mpaka zikatimia zote, kisha nikashika mti.

Alinitazama usoni, akanipima mapigo shingoni kwa vidole viwili, akaitikia kwa kichwa.

"Namba unayo," alisema. "Kesho hukimbii. Keshokutwa hukimbii. Wiki hii nusu, ijayo chini ya hapo."

Nikamuuliza kwa nini. Nilikuwa na shaka ya kweli. Muuzaji anayepunguza mwenyewe kabla hujamwomba ana kasoro ndani ya kitambaa, na mtu yeyote wa Zhongda anajua hivyo. Nikamwambia laoshi, niongezee kidogo, nisije nikasahau kukimbia. Akasema bu xing. Akasema mwili haukui ukiwa unakimbia, unakua ukiwa umelala, na nikionekana mtoni kabla ya ruhusa yake namba ataichukua.

Mwenyekiti alifika baadaye akisukuma baiskeli, shati limelowa, uso umekuwa wa kijivu. Mwalimu alimwona akaenda kumpokea yeye, akamkalisha kwenye benchi, akamfunika lile taulo mabegani. Nilimwachia maji yangu.

Jumatatu mtaa wetu uliamka kama unavyoamka kila siku, milango ya chuma ikipandishwa, pikipiki zikipiga honi, wenzangu wakishuka ngazi na mikoba yao na kuitana majina. Mimi nilimeza kidonge changu, nikarudi kitandani. Niliacha mlango wazi makusudi, ili kila anayepita anione nimelala mchana kweupe, mzima, nimevaa gauni la kulalia. Huku kwetu mtu hulala mchana akiwa mgonjwa au akiwa maiti, na nilitaka wazoee kuona cha tatu. Ilikuwa ngumu kuliko mbio. Miguu ilinisihi inipeleke sokoni, kichwa kilinipigia hesabu za vitambaa, na kila hatua iliyopita kwenye korido ilinifanya nitake kujieleza. Nikang'ang'ania mto.

Ilipokaribia adhuhuri mwenyekiti alisimama mlangoni. Alikuwa anachechemea.

"Wameniambia umelala. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa?"

"Nimepumzika. Kesho pia napumzika. Waambie."

Hakuondoka. Aliangalia kitanda cha pili, ambacho sijawahi kumpangisha mtu mwingine, na akauliza kama anaweza kukaa. Nikamwambia akae. Alikaa kwa uangalifu, mikono hajui aiweke wapi, na hakusema lile alilotaka kusema, na mimi sikumsaidia. Simu yake ikaanza kuita. Kilikuwa kikundi cha ghalani, kontena jingine, watu waliochelewa. Aliitazama, akanitazama. Ikakatika, ikaanza tena. Mimi sikuinua kichwa, nilimkazia macho tu nikiwa nimelala palepale, mpaka akaizima.